Masijala ya Jikoni

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, Tabora)



Katibu wa Chama aliponiandikia kuniomba nizungumze nanyi, aliniambia kuwa niko huru kuchagua mada yoyote, ila nisizidishe nusu saa kwa kuwa chakula kitakuwa tayari. Nikaona basi nizungumze juu ya chakula chenyewe, ili hata nikipitisha muda, msiseme kuwa nimetoka nje ya ratiba.

Baadhi yenu mnajua kuwa mimi hukusanya vitabu vya mapishi. Hivi sasa ninavyo 46. Wenzangu ofisini hucheka, na mmoja aliniuliza kama nikistaafu nitafungua mgahawa. Nyumbani nako mke wangu husema hajapata kuona mtu mwenye maarifa mengi ya pilau katika kabati na machache namna hii katika sufuria. Yote hayo nayakubali. Lakini leo nataka kuwaeleza kwa nini navikusanya, na kwa nini naona jambo hili linatuhusu sisi tuliolelewa Tabora kuliko wengi wengine.

Mimi ni mtumishi wa serikali. Kama ilivyo kwa watumishi wengi, kazi yangu ya kwanza baada ya Chuo Kikuu ilinipitisha masijala. Huko mtu hujifunza somo moja ambalo halisahau: jambo lisilo na jalada halipo. Mzee anaweza kuja na kueleza shamba lake kwa miti na mipaka, akataja na majirani, lakini kama jalada halionekani, maneno yake hubaki hewani. Polepole nikaanza kujiuliza: je, mambo ya nyumbani kwetu yana jalada wapi? Boma linatunza kodi, kesi na barua. Kanisa na msikiti hutunza ndoa na vifo. Lakini namna watu walivyokula, walivyopokea wageni, walivyovuka mwaka wa njaa, imeandikwa wapi? Nikaona kuwa kitabu cha mapishi ndicho masijala ya jikoni. Basi tufungue majalada machache tuone kilichomo, na kisichokuwamo.

KITABU CHA KWANZA

Kitabu cha kwanza nilikinunua nikiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa wale wauzaji wanaotandaza vitabu vya zamani kando ya barabara mjini. Nilikuwa natafuta kitabu cha uchumi. Nikaona kitabu chenye madoa ya mafuta, nikakifungua kwa udadisi tu. Kilikuwa kile kitabu cha mapishi cha walowezi wa Kenya, ambacho kina mama wa kanisa la St. Andrew mjini Nairobi walikitoa kwanza mwaka 1928, na ambacho kilichapwa tena na tena kwa miaka mingi baadaye.

Mapishi yenyewe ni ya Kiingereza: pudini, keki, supu, na jinsi ya kuhifadhi nyama mahali pasipo barafu. Lakini kilichonishika ni kurasa za maneno ya Kiswahili ambayo bibi wa nyumba alipaswa kuyajua ili amwagize mpishi wake. Ni Kiswahili cha amri. Lete hiki, osha kile, chemsha maji. Nilisoma kurasa zile mara tatu. Nikagundua kuwa katika kitabu kizima, mtu aliyesimama mbele ya jiko, aliyechochea kuni, aliyejua ni wakati gani mkate umeiva kwa kunusa tu, hana jina. Yumo katika kila ukurasa, na hayumo.

Aliyekuwa na kitabu kabla yangu alikuwa ameandika pembeni kwa kalamu ya risasi. Mahali pengine alipunguza mayai kutoka sita hadi matatu. Mahali pengine aliandika kuwa tanuri lao lina moto mkali upande wa kushoto. Ndipo nilipoelewa kuwa kitabu cha mapishi husomwa namna mbili. Maandishi ya chapa husema watu walitaka kula nini. Maandishi ya pembeni husema walikula nini hasa. Tangu siku hiyo nikiwa na vitabu viwili vya namna moja mbele yangu, kimoja safi na kimoja kimechafuka, nanunua kilichochafuka.

NJIA YA MISAFARA

Baadaye nilianza kutafuta mapishi ya kwetu, nikakuta kuwa Tabora haina kitabu chake cha mapishi. Ila nikaona jambo la ajabu: mji huu ulielezwa chakula chake katika vitabu vya wasafiri zaidi ya miaka 150 iliyopita, pengine kuliko mji wowote mwingine wa bara.

Wanafunzi mnajua historia hii, lakini wacha niikumbushe. Njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika hapa Unyanyembe, kisha ikaendelea hadi Ujiji na ng'ambo ya ziwa hadi Manyema. Burton na Speke walifika hapa, mahali walipopaita Kazeh, tarehe 7 Novemba 1857. Kitabu cha Burton kilichotoka mwaka 1860 kina kurasa nyingi juu ya vyakula vya watu wa njia hii: ugali wa mtama, asali, pombe, samli na mboga za porini. Burton alikuwa mtu wa kudharau watu, na dharau hiyo imo katika maandishi yake. Lakini jicho lake lilikuwa kali, nasi tunaweza kuchukua habari tukamwachia dharau yake.

Stanley alifika Kwihara, nje kidogo ya mji huu, mwezi Juni 1871. Waarabu wa Tabora walimpelekea karamu ya kumkaribisha, naye akaiandika yote kitabuni mwake: sinia kubwa la wali, bakuli la kuku wa mchuzi wa bizari, mikate ya ngano, mapapai, makomamanga na malimau, na nyuma yake ng'ombe, kondoo, mbuzi, kuku na mayai. Nikisoma orodha ile huiona njia nzima ya misafara katika sinia moja. Mchele na ngano vililetwa na kulimwa hapa na wafanya biashara wa pwani. Bizari ilivuka bahari. Komamanga lilitoka Uarabuni. Ng'ombe na mbuzi walikuwa wa hapa. Wengi wetu leo tukipika pilau ya sikukuu tunasema ni chakula cha pwani, lakini pilau imekaa Tabora muda mrefu kuliko reli, iliyofika hapa mwaka 1912.

Kuna neno moja la njia hiyo ambalo watumishi wenzangu walitumia hata wiki hii. Mpagazi wa Kinyamwezi, aliyebeba mzigo wa karibu frasila mbili, yaani kama kilo 32, alistahili chakula cha kila siku. Kipimo kilikuwa kibaba kimoja cha nafaka, karibu ratili moja na nusu. Vibaba vinne ni pishi moja. Chakula hicho kiliitwa posho, na mara nyingi kilitolewa kwa nguo au shanga ili mpagazi akanunue mwenyewe vijijini. Kwa hiyo, ndugu zangu, tunapojaza fomu ya posho ya safari, tunadai kibaba chetu. Neno jingine la njia hiyo hiyo ni hongo, ambayo hapo kale ilikuwa ushuru wa halali uliotozwa misafara ilipopita Ugogo. Hilo kwa leo tuliache.

HALIMA WA KWIHARA

Mtu ninayemheshimu kuliko wote katika vitabu hivi ni mwanamke mmoja, jina lake Halima. Alikuwa mpishi wa Livingstone. Stanley alipofika Ujiji mwezi Novemba 1871, alimwona Halima akihangaika jikoni kwa furaha na wasiwasi, akichungulia nje kuhakikisha kama kweli wageni sasa ni wawili, na kama chakula kitatosha heshima ya nyumba. Kila aliyewahi kupokewa na mama wa Kiafrika bila taarifa anaijua picha hiyo.

Kisha Livingstone na watu wake wakaja Kwihara, wakakaa hapa kuanzia Februari hadi Agosti 1872 wakingojea wapagazi kutoka pwani. Katika kumbukumbu zake za miezi hiyo, zilizochapwa mwaka 1874, mna mambo madogo ya jikoni ambayo wasomaji wengi huyaruka. Anaeleza jinsi walivyotengeneza jibini kwa ajili ya safari: maziwa yaliachwa yagande yenyewe bila dawa ya kugandisha, nayo yaliganda kwa nusu siku tu kwa sababu ya joto la nchi, na jibini ikawa nzuri ila yenye uchachu kidogo. Hayo, ndugu zangu, ni mapishi kamili. Yana kitu, njia, muda na ladha. Yaliandikwa Kwihara, mahali ambapo ukitoka baada ya chai asubuhi utarudi kabla ya chakula cha mchana.

Katika kumbukumbu hizo hizo Livingstone anamsifu Halima kwa uaminifu na bidii, na anaandika kuwa wakifika Unguja atamwacha huru na kumnunulia nyumba na bustani. Neno "huru" hapo msilipite haraka. Mwanamke huyu aliyelisha msafara mashuhuri kuliko yote alikuwa mtumwa. Naye alikuwamo katika safari ile ya mwisho iliyoondoka Kwihara Agosti 1872. Livingstone alifariki mwezi Mei 1873 kabla ya kufika Unguja, na ahadi yake ikabaki katika daftari.

Tembe la Kwihara leo ni jumba la makumbusho, na wanafunzi hupelekwa kuliona. Nawaomba siku mkienda mwulize jiko lilikuwa wapi. Vitabu vingi vimeandikwa juu ya wanaume waliolala katika nyumba ile. Halima tunamjua kwa mistari michache ya wengine. Yeye mwenyewe hakuacha hata ukurasa mmoja, ingawa jibini ile na mikate ile na mchuzi ule vilipita mikononi mwake na mwa wenziwe.

DAFTARI LA MAMA

Sasa nije karibu zaidi. Kitabu kilicho bora kuliko vyote 46 hakikuchapwa popote. Ni daftari la shule la kurasa 32, na mwandishi wake ni mama yangu.

Mama alizaliwa Uyui, wala hakupata kusoma utotoni. Alijifunza kuandika katika madarasa ya kisomo cha watu wazima ya miaka ya 1970, miaka ile ya kampeni za redio, Mtu ni Afya ya mwaka 1973 na Chakula ni Uhai ya mwaka 1975. Mwaka huo wa 1975 ulipofanyika mtihani wa kwanza wa kisomo wa taifa, mama alifaulu. Mwalimu wao aliwaambia kuwa asiyeandika kila wiki atasahau, basi kila mmoja aandike jambo analolijua vizuri. Wengine waliandika barua kwa watoto wao. Mama aliandika mapishi.

Mna mapishi 17. La kwanza ni michembe na matobolwa, na amevitenganisha vizuri kuliko vitabu vya wataalamu nilivyonavyo. Michembe ni viazi vitamu vilivyomenywa vibichi, vikakatwa vipande na kuanikwa. Matobolwa huchemshwa kwanza na maganda yake, kisha humenywa, hukatwa na kuanikwa. Matobolwa huliwa hivyo hivyo makavu, au pamoja na chai. Michembe huchemshwa, na mwenye karanga hutwanga akachanganya. Vyote viwili huandaliwa wakati wa kiangazi baada ya mavuno, ili viliwe miezi ambayo ghala limeanza kupungua. Mama ameandika chini: "Anika juu, kuku wasifike. Usiku funika, umande ukigusa huota ukungu." Hiyo ndiyo ghala la taifa la mkulima wa Kinyamwezi, katika mistari miwili.

Ukurasa wa tisa una mapishi ya unga wa yanga. Wakubwa mnacheka kwa sababu mnaukumbuka. Wadogo zetu, huo ulikuwa unga wa mahindi ya manjano yaliyotoka Marekani wakati wa uhaba, na watu wakauita jina la timu kwa ajili ya rangi yake. Mama anasema uchanganywe na unga wa mtama, robo kwa robo tatu, "ili watoto wasikatae." Ukurasa wa kumi na mbili una mandazi yasiyo na sukari, ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati sukari ilipatikana kwa foleni, na mara nyingine foleni ilikuwapo sukari haipo. Yeye alitumia asali. Tabora tulikuwa hatuna sukari, lakini asali ya miombo ilikuwa haikauki. Anaonya kuwa asali huunguza mandazi upesi, kwa hiyo moto upunguzwe na mafuta yasiwe mengi.

Nimesoma taarifa kadhaa za uchumi za miaka ile, baadhi yake kwa ajili ya mtihani na nyingine kwa ajili ya kazi. Zina takwimu za uagizaji na za mavuno. Hakuna hata moja inayoniambia jinsi mama mmoja wa Uyui alivyofanya watoto wake wasijue kuwa nchi ina taabu. Ukurasa wa kumi na mbili unaniambia.

Mama alifariki miaka kadhaa iliyopita. Baada ya mapishi ya kumi na saba, daftari lina kichwa cha habari cha kumi na nane: "Nsansa ya Bibi." Chini yake hakuna neno hata moja.

Nsansa mnaijua. Ni majani ya kunde yaliyochemshwa na kukaushwa, yakapikwa baadaye kwa karanga. Lakini bibi yetu alikuwa na namna yake, na katika ukoo mzima nsansa yake ilikuwa inasifiwa. Nilichukua daftari nikaenda kwa mama mdogo. Akanieleza vizuri, na kusema karanga hutiwa mwishoni kabisa. Nikaenda kwa shangazi. Akasema karanga hutiwa mwanzoni zichemke pamoja na majani, na kwamba anayezitia mwishoni hakuwahi kula nsansa ya bibi, amesimuliwa tu. Nikawakutanisha nyumbani kwangu wakati wa Krismasi. Walibishana kutoka saa nne asubuhi hadi adhuhuri, kisha kila mmoja akapika sufuria yake. Sufuria zote mbili ziliisha. Nimeandika njia zote mbili chini ya kile kichwa cha habari, kila moja na jina la mwenyewe, na nimeacha nusu ukurasa, kwa kuwa kuna shangazi mwingine Urambo ambaye hajasikilizwa.

WALIOHAMA NA WALIOBAKI

Ndugu Mwenyekiti, nikipanga vitabu vyangu kabatini naona jambo moja linalonisumbua. Vitabu bora vya chakula cha Afrika ya Mashariki vimeandikwa na watu walioondoka.

Noorbanu Nimji alitoka Nairobi akahamia Calgary, Kanada. Vijana wa jumuiya yake ya Kiismailia huko walikuwa hawajui kupika chakula cha mama zao, naye akaanza kuwafundisha, na mwaka 1986 akatoa kitabu chake cha kwanza. Yasmin Alibhai-Brown, aliyezaliwa Kampala, alihamia Uingereza mwaka 1972, mwaka ule ule Waasia walipofukuzwa Uganda, na baadaye akaandika maisha yake yote kwa njia ya mapishi. Hawa Hassan alizaliwa Mogadishu, akapita kambi ya wakimbizi Kenya, akakulia Marekani. Mwaka 2020 alitoa kitabu cha mapishi ya mabibi wa nchi nane zinazopakana na Bahari ya Hindi, Tanzania ikiwamo, na kila bibi ametajwa jina na kuulizwa maisha yake. Kadhalika ndugu zetu waliohamia Omani kutoka bara na visiwani bado wanapika wali wa nazi na mandazi, na bado wanagombana kwa Kiswahili juu ya iliki.

Kwa nini hao ndio walioandika? Nimelifikiri sana. Naona sababu ni hii: aliyepotewa na nyumba hujua kuwa kumbukumbu inaweza kupotea, basi huandika. Aliyebaki nyumbani hudhani kila kitu kipo, kwa kuwa mto bado unapita na miembe bado imesimama. Lakini je, ni kweli sisi tumebaki? Mimi nimefanya kazi katika mikoa minne. Watoto wangu wanajua matobolwa kama zawadi ya safari katika mfuko. Nyumbani nsansa imeshindwa na kabichi, kwa kuwa kabichi haitaki kuanikwa. Tumehama bila kuvuka mpaka wowote, na kwa kuwa hatukupanda meli, hatukuhesabu mizigo.

Wataalamu wetu wamefanya sehemu yao. Mwaka 2008 lilitolewa jedwali la viini lishe vya vyakula vya Tanzania, kazi kubwa na ya manufaa, nami ninalo. Linakuambia chakula fulani kina protini kiasi gani. Nani alikipika, mwaka gani, na kwa nini alitia asali badala ya sukari, hilo ni juu yetu.

MAPENDEKEZO

Mtumishi wa serikali hawezi kuhutubu bila mapendekezo, kwa hiyo ninayo manne.

Kwanza, kila mwanachama alete katika mkutano wa mwakani ukurasa mmoja wa mapishi ya nyumbani kwao. Ukurasa mmoja tu. Uwe na jina la aliyepika, kijiji chake, na mwezi ambao chakula hicho hupikwa.

Pili, vipimo viandikwe. Mama zetu husema "chumvi kiasi" na "maji ya kutosha", na kwao hiyo ni hesabu kamili, kwa kuwa kiasi kimo mkononi. Lakini mkono hauwezi kurithiwa. Mwombe mama apime kwa mkono wake, kisha wewe mimina katika kikombe uhesabu. Ukiona anatumia kikombe fulani cha bati tangu mwaka 1980, pima na hicho kikombe.

Tatu, maneno yaandikwe kama alivyoyasema. Kama ameita mboga kwa Kinyamwezi, Kisukuma, Kiha au Kimanyema, liandikwe jina hilo, na maelezo yafuate kwa Kiswahili. Ukilibadili jina, aliyelijua hatakitambua chakula chake. Na wakibishana, kama mama mdogo na shangazi yangu, viandikwe vyote viwili.

Nne, na hili ni kwa ajili yenu wanafunzi. Likizo ijayo msikae sebuleni tu mkingoja kuitwa mezani. Ingieni jikoni na daftari. Najua wapo watakaosema jiko si mahali pa mvulana. Wapagazi wa Kinyamwezi waliotembea hadi pwani na kurudi walijipikia wenyewe kila jioni njia nzima, na hakuna aliyewadharau kwa hilo. Mkirudi, mpeni mkutubi kurasa zenu. Nimekwisha zungumza na Mkuu wa Shule, naye amekubali kutenga rafu moja katika maktaba. Mimi naanza kwa kuleta nakala ya daftari la mama, kurasa zote 32, pamoja na ule ukurasa wa nsansa.

Tulipokuwa hapa, bwalo lilikuwa na mpishi mmoja mzee aliyewapa wale waliofika mwisho wa foleni ukoko wa wali, na tukaanza kuchelewa makusudi. Wako humu waliokula ukoko huo, nawaona wanatabasamu. Hebu tuanze na yeye. Anayejua alitoka kijiji gani, na alikuwa anatia nini katika maharage ya Jumamosi, aje aniambie tukiwa mezani. Kalamu ninayo.

Ndugu Mwenyekiti, nusu saa imetimia, na harufu ya pilau inaniambia kuwa Katibu hakusema uongo.